Uso wa Mtu Kwanza: Kwa Wanaoanza Kupiga Picha Kalemie

Siku hizi karibu kila idara ya kanisa ina mtu wake wa picha: kijana wa kwaya, mama wa umoja wa wanawake, shemasi anayedaiwa ripoti. Kamera yake ni simu. Umati haumshindi, shida huanza anapoombwa kupiga uso wa mtu mmoja. Uso unatoka mweusi kama kivuli, au pua imekuwa kubwa, au mtu amekakamaa.

Giza hilo lina sababu. Simu hupima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani. Hapa Kalemie jua linachomoza upande wa ziwa. Ukimsimamisha mtu asubuhi ziwa likiwa nyuma yake, simu inaona mng'ao wa maji, inapunguza mwanga, na uso unazama. Ukuta mweupe wa kanisa huleta shida hiyo hiyo, hasa kwa ngozi nyeusi kama yetu. Mgeuze: yeye atazame ziwa, wewe ulipe mgongo. Kisha gusa uso wake kwenye kioo cha simu. Nyingi zitakuonyesha alama ya jua ya kuongeza au kupunguza mwanga. Saa sita mchana jua liko karibu na utosi na macho yanakuwa mashimo. Hapo mlete barazani, au asimame ndani ya mlango akitazama nje. Mlango ni studio ya bure. Na lenzi uifute kwanza!

Pua nayo inakua kwa sababu umesogea mno. Rudi hatua mbili tatu, kingo utazikata baadaye. Usimlazimishe kucheka, wazee wengi huona picha kuwa jambo la heshima, na utulivu wao ndio uso wao.

Weka simu kwenye kimo cha macho yake. Akiketi mkekani, nawe keti. Hili si la ufundi tu. Mtu anayepigwa kutoka juu huonekana mdogo, na tangu mapigano ya Batwa na Baluba ya 2016 na 2017 yalipowaleta wahamishwa wengi kuzunguka mji wetu, ni rahisi kuwapiga hivyo: kutoka juu, mkono umenyoshwa, bila jina.

Nchi hii ina mfano mwingine. Mei 1904, huko Baringa, katika misitu ya Ikweta, Alice Seeley Harris, mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, alimpiga picha baba aliyeitwa Nsala. Ameketi ukingoni mwa baraza, akitazama kiganja na wayo wa binti yake Boali, mtoto wa miaka kama 5, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo ilionyeshwa mikutanoni Ulaya na Marekani, na ilichangia kumbana Mfalme Leopold II hadi akaiachia Kongo mwaka 1908. Majina ya baba na mtoto yaliandikwa, ndiyo maana tunayajua leo.

Basi kabla ya kuinua simu, omba ruhusa, kwa lugha anayoielewa vizuri. Mweleze picha inakwenda wapi: kundi la WhatsApp la parokia, au wafadhili ng'ambo, ambako haitarudi tena mikononi mwako. Ila angalia saa ya kuomba. Mama aliye kwenye foleni ya unga hawezi kukuambia hapana, kwa kuwa unga uko upande wako. Rudi siku nyingine, mikono mitupu. Mwanamke aliyebakwa, au mtoto aliyeponea vitani, usionyeshe uso wake wala kutaja kijiji chake, hata akikubali. Piga mikono yake kazini, au mgongo. Zima pia kipimo cha mahali katika kamera ya simu, maana picha hubeba habari hiyo ndani yake.

Ukimaliza, mwonyeshe. Akisema ifute, ifute mbele yake. Akiipenda, ichapishe mjini umpelekee. Wengi walikimbia nyumba zikiungua na hawana hata picha moja ya familia. Nyuma yake andika tarehe na jina lake, kwa herufi anazozitumia mwenyewe.