Chaja ya Betri ya Pili Haina Kosa

Gari la safari linalotoka gereji za Arusha siku hizi halibebi viti na hema la juu pekee. Mna friji, taa za kambi, soketi za kuchajia simu na kamera za wageni. Vyote hivyo hula betri ya pili, ambayo haihusiki na kuwasha injini. Betri hiyo hujazwa na alteneta kupitia kiboksi cha alumini kilichofungwa nyuma ya kiti: chaja ya betri kwa betri. Kazi yake ni kuchukua umeme wa betri ya injini, kuupandisha au kuushusha, na kuupeleka kwenye betri ya pili kwa msongo inaoutaka. Wageni wakiamka Seronera wakakuta maziwa yamechacha, wa kwanza kulaumiwa ni chaja. Inang'olewa, inanunuliwa nyingine, na safari inayofuata maziwa yanachacha tena.

Mara nyingi chaja ni nzima. Tatizo liko kwenye waya unaoilisha.

Dalili yenyewe ni hii: injini inanguruma, taa ya chaja inawaka, inazima, inawaka, inazima, kila baada ya sekunde chache. Chaja nyingi za volti 12 hupangwa zianze kazi zikiona volti 13 na ushei upande wa kuingilia, kwa kuwa hapo alteneta inazalisha. Msongo ukishuka hadi kiwango fulani, tuseme 12.5, zinajizima ili zisiikaushe betri ya injini na kukuacha porini. Viwango hutofautiana kwa kila aina ya chaja; viangalie kwenye kijitabu chake.

Sasa tupige hesabu. Chaja ya ampea 30 huvuta ampea 35 hivi upande wa kuingilia, kwa sababu inapandisha msongo na sehemu ya umeme inapotea kama joto. Kutoka kwenye boneti ya Land Cruiser ndefu hadi nyuma ni kama mita 6 za waya, na umeme lazima urudi, kwa hiyo hesabu mita 12. Waya wa shaba wa milimita 6 za mraba utakula volti 1.2 njiani. Alteneta ikitoa 14.0, chaja inabakiwa na 12.8. Ongeza viungo viwili vilivyolegea, umeshafika 12.5. Chaja inajizima. Ikishazima, hakuna umeme unaopita, kwa hiyo waya hauli chochote, na msongo unarudi 14.0. Chaja inaamka, na mchezo unaanza upya. Waya wa milimita 16, kwa urefu uleule, ungekula chini ya nusu volti.

Hapo ndipo fundi mwenye mita anapodanganyika. Anapima chaja ikiwa imezima, anasoma 14, anasema umeme upo, chaja imekufa. Ni kama mfereji wa kumwagilia kwenye miteremko ya Meru: ukizibwa chini, maji husimama yamejaa hata kama mfereji ni mwembamba, ukizibuliwa ndipo utajua shamba la mwisho linapata nini.

Kwa hiyo pima kazi ikiendelea. Iache betri ya pili ipungue kwanza, washa injini, washa friji. Weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri ya injini na nyingine kwenye chanya ya chaja unakoingilia umeme. Namba utakayoona wakati taa imewaka ndiyo volti zinazoliwa na waya. Rudia upande wa hasi. Jumla ikizidi nusu volti, usiende dukani kwanza.

Upande wa hasi ndio ninaoushuku zaidi. Wengi hufunga ethi kwenye chesisi, na bolti hukazwa juu ya rangi. Barabara ya kutoka Olduvai kwenda Naabi inalitikisa gari mpaka nati inalegea, na vumbi la majivu linaingia chini ya washa. Fungua, utakuta duara la kijivu pale ambapo chuma kilitakiwa kung'aa. Kwangua hadi chuma kitupu, kaza, paka grisi juu. Au, afadhali, vuta waya wa hasi hadi kwenye betri yenyewe.

Kuna makosa mengine nitakayoyapitia haraka. Rilei ya zamani iliyokuwa ikiunganisha betri mbili ikiachwa mahali pake, umeme unazunguka kutoka chaja hadi kwenye mlango wake wenyewe. Chaja inachemka bure. Gari la volti 24 linataka chaja ya kushusha hadi 12. Kuchota volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili, desturi tuliyorithi kwenye malori, huifanya hiyo ipungue na mwenzake ijazwe kupita kiasi, mpaka zote zife kabla ya wakati. Na betri ya lithiamu haichajiwi kwa mpangilio wa betri ya maji. Swichi ndogo za chaja zipo kwa sababu hiyo.

Halafu kuna wanaopima kila kitu, wakakuta kila kitu sawa, na friji bado inazima. Friji ya kawaida ya kambi hula ampea-saa 40 hivi kwa siku. Kutoka mjini Arusha hadi lango la Ngongongare ni chini ya saa moja, na chaja ya ampea 30 haiwezi kurudisha hata 30 kwa muda huo. Ukishapita lango hilo ukakaa Momella siku mbili bila kuondoka, hakuna waya utakaokuokoa. Paneli ya sola juu ya paa inasaidia, ila Julai, mawingu yakiifunika Meru hadi mchana, usiitegemee peke yake.