MLANGO WA GHALA UNAPOKATAA KUFUNGUKA
Taratibu za usalama kwa vyama vya msingi

Ghala ndilo hazina ya chama cha msingi. Ndani yake hukaa jasho la wanachama: pamba katika mikoa ya Ziwa, korosho katika mikoa ya Kusini, kahawa huko Kagera na Kilimanjaro, pamoja na pembejeo zilizokopwa kwa dhamana ya mavuno. Mlango wa ghala nao una desturi ya kukwama siku yenye kazi nyingi kuliko zote, wakati lori limekwisha fika, wanachama wamepanga foleni na mizigo yao, na mawingu ya mvua yametanda. Siku kama hiyo kila mtu hugeuka fundi. Mmoja huleta mtaimbo, wa pili hushauri mlango uvutwe kwa trekta, na wa tatu huingiza vidole katika upenyo wa chini akisema tuinue sote kwa pamoja.

Makala haya yanakusudia kumweleza Katibu, mtunza ghala na mwanachama mambo ambayo watu wa chama wanaweza kuyafanya wenyewe, na yale ambayo ni lazima yaachwe kwa fundi. Msingi wake ni mmoja: mazao yaweza kungoja hadi kesho, lakini mtu aliyeangukiwa na mlango hana mbadala.

Jinsi mlango unavyofanya kazi

Maghala mengi yana mlango wa namna moja kati ya mbili. Namna ya kwanza ni ule wa kuviringika, ambao mafundi huuita shata. Huu umeundwa kwa vipande vyembamba vya chuma vilivyoshikana, vinavyopita katika mifereji miwili ya pembeni na kuviringishwa juu kwenye mhimili. Shata ya mita 3 kwa mita 3 yaweza kuwa na uzito wa kilo 80 na zaidi. Mtu mmoja huweza kuiinua kwa sababu tu ndani ya mhimili mna springi zinazomsaidia kubeba uzito huo. Mlango unaposhuka, springi hujikaza. Unapopanda, hurudisha nguvu zake. Yafaa ieleweke basi kwamba mlango uliofungwa na kutulia ndio wenye springi zilizokazwa zaidi. Hatari hiyo haionekani kwa macho, na ndiyo inayojeruhi watu wanaofungua skrubu za mhimili bila ujuzi.

Namna ya pili ni mlango wa kusukuma, unaoning'inia kwa magurudumu juu ya reli. Uzito wake wote hubebwa na magurudumu hayo. Gurudumu likivunjika au likitoka relini, mlango mzima waweza kuanguka juu ya anayeusukuma.

Swali la kwanza: je, ghala limefukizwa dawa?

Kabla ya kugusa kufuli, Katibu na aulize kama ghala limefukizwa dawa ya kuua wadudu. Vidonge vya ufukizaji hutoa hewa ya sumu iitwayo fosfini, nayo huua binadamu kama inavyoua fukusi. Yawezekana mlango haufunguki kwa sababu wafukizaji wameuziba kwa gundi ya karatasi au wameukomea kwa ndani. Pakiwapo bango la hatari, au mianya iliyozibwa, au shaka yoyote, watu waondoke mlangoni na mfukizaji aitwe. Asitegemewe mtu wa kunusa, wala kitambaa cha kufunika pua. Hewa hiyo haizuiliwi na kitambaa.

Mpango wa kuchunguza

Ikiwa hakuna hatari ya sumu, uchunguzi ufanywe kwa utaratibu ufuatao, na msimamizi awe mmoja tu. Watu wengine wote, hasa watoto, wasimame mbali.

Kwanza, tazama makufuli na makomeo. Shata nyingi zina komeo kila upande, na nyingine zina kufuli ya tatu katikati. Mara nyingi mlango unaosemekana kuwa mbovu umesahauliwa komeo moja tu, na wanaouvuta kwa nguvu huishia kuupinda ubao wa chuma wa chini. Ufunguo ukiingia lakini usizunguke, usiuzungushe kwa koleo, kwani utakatikia ndani. Saga risasi ya penseli, unga wake uutie katika tundu la ufunguo, kisha jaribu polepole. Mafuta ya kupikia yasitumike. Hunasa vumbi, na baada ya muda kufuli huwa nzito kuliko awali.

Pili, simama kando na uutazame uso wa mlango. Ukiona umetuna kwa nje kama tumbo, tambua kwamba magunia yameporomoka ndani na yanausukuma. Mlango wa namna hiyo usifunguliwe kwa nje hata kidogo, kwa maana rundo laweza kumfunika aliye mbele yake. Iingiwe kwa mlango mdogo wa pembeni, na magunia yapunguzwe kuanzia juu. Ikiwa ghala halina mlango mwingine, kazi hiyo ni ya fundi.

Tatu, kagua mifereji au reli. Mchanga, punje za mazao, kiota cha nyigu au jiwe dogo vyatosha kuukwamisha mlango. Uchafu utolewe kwa kijiti au brashi, wala si kwa vidole. Mfereji uliogongwa na lori na kujikunja usinyoshwe kwa nyundo wakati mlango unaubana.

Nne, ikiwa mlango unaendeshwa kwa mota, hakikisha kwamba umeme upo, kwamba LUKU haijaisha, na kwamba swichi kuu haijajizima. Ikiwa mota imefanya kazi mfululizo, yaweza kuwa imejizima yenyewe kwa joto. Iachwe ipoe kwa dakika 20 hadi 30. Swichi ikijizima mara ya pili baada ya kuwashwa, aitwe fundi umeme. Kufunga waya mahali pa fyuzi ni kualika moto ndani ya ghala la pamba. Kabla ya kutumia mnyororo wa mkono, umeme uzimwe kwanza. Wala mota isitenganishwe na mlango wakati mlango umeinuka nusu, maana waweza kushuka wote kwa ghafla.

Tano, makufuli yakiwa wazi na njia ikiwa safi, mtu mmoja ajaribu kuuinua kwa taratibu, akisimama wima na kushika mpini. Ukiwa mzito kuliko kawaida, ukipanda upande mmoja tu, au ikiwa mlinzi aliwahi kusikia mshindo mkubwa kutoka juu, yamkini springi imekatika. Hapo kazi ya watu wa chama imekwisha. Mlango uachwe chini, na fundi wa milango aitwe.

Mambo yaliyokatazwa

Mlango usivutwe kwa trekta wala gari. Mtu yeyote asipite wala kulala chini ya mlango ulioinuka nusu, hata kama umewekewa gogo. Asiwepo mwanachama wa kupanda ngazi na kufungua mhimili kwa spana kwa kuwa tu alipata kutengeneza baiskeli. Mlango wa kusukuma uliotoka relini usiegemewe wala kurudishwa kwa mabega. Eneo lizungushiwe kamba hadi fundi afike na vifaa vya kuushikilia.

Kuvunja kufuli na heshima ya chama

Pengine hakuna njia ila kukata kufuli. Katika jambo hili hatari si ya mwili pekee. Kufuli iliyokatwa bila mashahidi huzaa manung'uniko, na mzigo ukipungua hata kwa gunia moja, Katibu mwaminifu hukosa la kujibu. Kwa hiyo Mwenyekiti au mjumbe wa Bodi aliyeidhinishwa awepo, pamoja na mtunza ghala na mlinzi. Iandikwe tarehe, saa, sababu na majina ya waliohudhuria, nao watie sahihi. Mara mlango unapofunguliwa, mali ihesabiwe na kulinganishwa na daftari la ghala kabla gunia la kwanza halijatolewa. Kufuli mpya ifungwe mbele ya mashahidi hao hao, na funguo zikabidhiwe kwa maandishi.

Matunzo

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila juma mtunza ghala afagie mifereji na kizingiti. Marundo ya magunia yakae mita 1 kutoka ukutani na mlangoni, ili hewa ipite na mlango usiegemewe. Kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, fundi akague springi, magurudumu, mnyororo na vizuizi vya mwisho wa reli. Gharama yake iwekwe katika makisio ya chama yanayopitishwa na Mkutano Mkuu, isiwe ya kutafutwa kwa dharura siku lori linapongoja. Namba ya simu ya fundi ibandikwe ofisini pamoja na ile ya mfukizaji.

Wanachama nao wanao wajibu wao. Katibu anaposema kwamba mlango hautafunguliwa leo kwa sababu fundi hajafika, asiitwe mwoga wala mvivu. Siku moja ya kuchelewa huandikwa katika daftari na kusahauliwa. Mkulima aliyevunjwa mgongo na mlango wa chama chake mwenyewe hukumbukwa na kijiji kizima, na familia yake hulima msimu ujao bila yeye.