Mchezo wa Makarani: Jinsi Ligi ya Besiboli Ilivyokua na Ilivyofunga Mlango

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Ndugu msomaji, ukitajiwa besiboli leo, bila shaka utafikiria Marekani, viwanja vyenye taa kali na wachezaji wanaolipwa mamilioni ya dola. Lakini mchezo huo haukukuzwa na mamilionea. Ulikuzwa na vijana wa kawaida, makarani na wauza duka, waliotoka kazini jioni wakitaka kunyoosha viungo. Hawakulipwa hata senti. Wao ndio waliokuwa wakitoa ada! Katika makala haya nitaeleza jinsi ligi yao ya ridhaa ilivyokua, na jambo lililoitia doa lisilofutika.

Mchezo wenyewe ukoje?

Wengi wetu tulicheza raundasi katika shule ya msingi. Basi besiboli ni ndugu yake wa damu. Timu ni mbili, kila moja ina wachezaji 9. Mrushaji wa timu moja hurusha mpira, na mpigaji wa timu ya pili hujaribu kuupiga kwa gongo. Akiupiga, hutimua mbio kupitia vituo vitatu hadi arudi nyumbani, yaani pale alipoanzia. Akirudi salama, timu yake hupata pointi moja. Lakini akiukosa mara tatu, au mpira wake ukidakwa kabla haujagusa chini, au akiguswa kwa mpira akiwa bado njiani, basi huyo ametoka. Wakishatoka watatu, timu hizo hubadilishana. Kila timu hupewa zamu 9, kisha pointi huhesabiwa. Ndiyo hivyo tu.

Makarani wavuka mto

Katika miaka ya 1840 jiji la New York lilikuwa likipanuka kwa kasi. Kila penye uwazi palijengwa nyumba, na vijana wakawa hawana mahali pa kuchezea. Tarehe 23 Septemba 1845, baadhi yao waliunda klabu iliyoitwa Knickerbocker. Miongoni mwao alikuwamo Alexander Cartwright, aliyewahi kuwa karani wa benki na mzima moto wa kujitolea. Baadaye alijiunga nao daktari mmoja, Daniel Adams, ambaye alikuja kuwa nguzo ya klabu hiyo.

Maadamu jijini hapakuwa na nafasi, vijana hawa walipanda feri, kama vile watu wa Mombasa wavukavyo pale Likoni, wakauvuka mto Hudson hadi Hoboken katika jimbo la New Jersey. Huko kulikuwa na uwanja wenye nyasi na miti ulioitwa Elysian Fields. Wakaukodi, wakacheza.

Sasa ngoja kidogo, msomaji. Usije ukadhani kwamba vijana hawa waliubuni mchezo huu kutoka hewani. La hasha! Michezo ya mpira na gongo ilikuwako tangu zamani, Uingereza na Marekani pia, na kila mtaa ulikuwa na desturi zake. Walilofanya wao ni jambo dogo lenye faida kubwa: waliketi, wakaandika kanuni 20.

Kanuni moja yafaa itajwe. Katika michezo mingi ya zamani, mkimbiaji alitolewa kwa kutupiwa mpira mwilini, sawasawa na sisi tunavyocheza kati. Knickerbocker waliikataza desturi hiyo. Mkimbiaji aguswe kwa mpira, asipigwe nao. Waama, kanuni hiyo ndiyo iliyowezesha mpira kutengenezwa mgumu zaidi bila ya kuumiza watu, na mpira mgumu huenda mbali. Hivyo mchezo wa watoto ukawa mchezo wa watu wazima.

Mnamo 19 Juni 1846, Knickerbocker walikutana na timu nyingine ya New York huko Hoboken. Je, unadhani waliotunga kanuni walishinda? Bwana we! Walichapwa 23 kwa 1 katika zamu 4 tu. Daftari la siku hiyo laonyesha kuwa mchezaji mmoja alitozwa faini ya senti 6 kwa kutumia lugha chafu. Nidhamu ilikuwako tangu siku za mwanzo.

Kutoka vilabu 16 hadi zaidi ya 200

Klabu moja haifanyi ligi. Kwa miaka kadhaa Knickerbocker walikosa hata wa kucheza naye, wakawa wanajigawa wenyewe kwa wenyewe. Lakini kidogo kidogo vilabu vingine vikachipuka, hasa Brooklyn. Mwaka 1857 wajumbe wa vilabu 16 walifanya mkutano, na Daktari Adams akawa mwenyekiti. Hapo awali mchezo ulimalizika timu moja ilipofikisha pointi 21. Mkutano ukaamua kuwa kila timu ipate zamu 9. Aidha, ukapima umbali kati ya kituo na kituo kuwa futi 90, yaani kama mita 27 na nusu. Vipimo hivyo havijabadilika hadi leo. Mwaka uliofuata, 1858, chama rasmi cha vilabu kikazaliwa.

Je, ni nini kilichoikuza ligi hii? Nitataja mambo manne.

Kwanza ni kanuni za pamoja. Timu ya Brooklyn iliweza kukutana na timu ya Manhattan bila ya kugombana kwanza kuhusu jinsi ya kucheza. Hata hivyo mabishano hayakukosekana. Kwa miaka mingi mpigaji alihesabiwa ametoka hata mpira ukidakwa baada ya kudunda mara moja. Baadhi ya vilabu walisema huo ni utoto, mwanamume adake mpira ungali hewani. Suala hilo lilipigiwa kura mkutano baada ya mkutano, hadi desturi hiyo ikafutwa mwishoni mwa 1864. Waliposhindana kwa hoja, walipiga kura. Hawakuvunja chama.

Pili, mlango ulipanuliwa kwa watu wa kazi mbalimbali. Mwaka 1855 mafundi wa kuunda meli huko Brooklyn walianzisha klabu ya Eckford. Hawa hawakuwa watu wa kalamu na wino bali wa nyundo na msumeno, na kupata wasaa wa kufanya mazoezi ilikuwa taabu. Lakini asiyejua maana haambiwi maana: wale waliowadharau walishangaa mafundi hao walipokuwa mabingwa mwaka 1862 na tena 1863.

Tatu ni kumbukumbu. Mwandishi mmoja aliyezaliwa Uingereza, Henry Chadwick, alizoea kuripoti kriketi. Alipoipenda besiboli, aliandika magazetini majedwali yaliyoonyesha kila mchezaji alifanya nini. Basi karani aliyecheza Jumamosi aliweza kuliona jina lake gazetini. Ni kijana gani asiyependa jambo hilo?

Nne, ingawa ni jambo la kusikitisha, ni vita. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipigana Marekani kutoka 1861 hadi 1865. Wanajeshi walicheza besiboli kambini, na waliporudi makwao wakaupeleka mchezo huo vijijini na mijini. Katika mkutano wa mwaka 1860 kulikuwa na vilabu kama 60 hivi. Kufikia mkutano wa mwaka 1866 vilikuwa vimezidi 200, kutoka majimbo mengi.

Mlango wafungwa

Hapa ndipo penye kisa chenyewe. Vita vile ndivyo vilivyokomesha utumwa. Watu weusi wa jiji la Philadelphia walikuwa na klabu yao nzuri iliyoitwa Pythian. Nahodha wake alikuwa Octavius Catto, mwalimu wa shule, msomi aliyekuwa pia mpiganiaji haki. Catto alikuwa mmoja wa waliopigania haki ya watu weusi kupanda magari ya abiria ya jijini humo, yaliyokuwa yakivutwa na farasi. Haki hiyo ilipatikana kwa sheria mwaka 1867.

Mwaka huo huo wa 1867, Pythian waliomba kujiunga na chama cha vilabu cha jimbo lao la Pennsylvania. Hawakuomba upendeleo. Walikuwa na wachezaji, sare, kanuni na ada. Mjumbe wao alipofika mkutanoni, wajumbe wengine walimpokea kwa maneno matamu, kisha wakamshauri aliondoe ombi lake ili asiaibike kwa kura. Kikulacho ki nguoni mwako! Mwezi wa Desemba chama cha taifa kilikutana, tena huko huko Philadelphia, kikapitisha kwamba klabu yoyote yenye mwanachama mweusi hata mmoja isikubaliwe. Sababu waliyoitoa? Eti kuwaingiza kungeleta mfarakano.

Tafakari, msomaji. Chama kilichoweza kubishana miaka mingi juu ya mpira uliodunda mara moja bila ya kuvunjika, kilisema hakiwezi kustahimili mjadala juu ya binadamu.

Pythian hawakukata tamaa. Tarehe 3 Septemba 1869 walicheza na Olympic, klabu kongwe ya wazungu wa Philadelphia. Walishindwa 44 kwa 23, lakini mechi ilichezwa, watu wakaona, na mbingu hazikuanguka. Ole wake Catto! Tarehe 10 Oktoba 1871, siku ya uchaguzi, wakati watu weusi walipokuwa wakitishwa wasipige kura, alipigwa risasi barabarani akafa. Alikuwa na umri wa miaka 32. Mwaka 2017 jiji hilo lilimjengea sanamu kando ya ukumbi wa jiji.

Ligi yenyewe ikawaje?

Chama kile cha ridhaa hakikudumu. Tangu 1859 kanuni zake zilikataza kuwalipa wachezaji, lakini fedha fedheha. Vilabu vilianza kulipa kwa siri, mchezaji akipewa kazi ya jina tu dukani. Mwaka 1869 timu ya Cincinnati Red Stockings ililipa wachezaji wake wote waziwazi, na haikushindwa mechi hata moja msimu huo. Mwaka 1871 vilabu vya kulipwa vikajitenga, na chama cha zamani kikafifia kisha kikafa.

Kilikufa, lakini ubaguzi wake ukarithiwa. Baada ya 1884 ligi kuu za wazungu hazikuwa na mchezaji mweusi hadi 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani akiichezea Brooklyn Dodgers. Takriban miaka 80 ilikuwa imepita tangu Pythian waambiwe waondoe ombi lao.

Na hapa, enyi Wakenya wenzangu, ndipo kisa hiki kinapotufikia nyumbani. Mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli ya kuwapeleka vijana wetu kusoma Marekani, Jackie Robinson, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu, alikuwa mmoja wa watu mashuhuri waliotia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Mwezi wa Septemba mwaka huo wanafunzi 81 walisafiri kwa ndege. Aliyefunguliwa mlango akasaidia kuwafungulia wengine.

Mafunzo

Wengi wetu tukimaliza Kidato cha Nne huiaga michezo pamoja na sare ya shule. Haifai. Wale makarani hawakuwa na mdhamini wala uwanja wa serikali. Walikuwa na karatasi ya kanuni, daftari la kumbukumbu, ada ndogo na saa mbili za jioni. Hayo hata sisi tunaweza kuyapata mtaani kwetu, iwe ni kwa kandanda, voliboli au hata hiyo besiboli.

Lakini siku mtakapoandika kanuni zenu, msiishie kwenye vipimo vya uwanja. Ulizeni pia ni nani amesimama nje ya lango akiwa na ada yake mkononi: labda ni msichana, labda ni kijana wa kabila lingine, labda ni yule mlemavu mnayepita naye kila siku. Mwiteni aingie. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.