Tutunze Vali za Mradi Wetu wa Maji



Tukitembelea miradi ya maji ya mteremko, mara nyingi tunakuta jambo la kushangaza. Chemchemi ingali inatoa maji, tangi halina ufa, paipu ziko ardhini, lakini mifereji imekauka. Watu hutuambia, "Maji yamepungua huko mlimani." Tukipanda na fundi kuangalia laini, tunakuta maji hayajapungua. Ni vali moja imekwama, au imefungwa na mtu asiyejulikana, au imepasua paipu kwa sababu ilifungwa kwa haraka.

Wakati wa harambee kila mtu huzungumza juu ya paipu, saruji na tangi. Vali huonekana kitu kidogo cha kununuliwa mwishoni na pesa zilizobaki. Lakini maji yote ya mradi hupita ndani ya kitu hicho kidogo, na ndicho kinachoweza kumuumiza fundi au kunyima kijiji kizima maji. Hapa tutaeleza jinsi ya kuiweka vali, kuitumia na kuitunza. Ukisahau mengine yote, kumbuka hili: vali ifunguliwe na ifungwe polepole, na mtu mmoja anayejulikana, mwenye ufunguo.

NGUVU ILIYO NDANI YA PAIPU

Maji ya mteremko hayahitaji stima wala dizeli. Huko Nyambene, Meru, mradi wa Tuuru ulioanzishwa na Bruda Giuseppe Argese wa Wamisionari wa Consolata, ambaye wenyeji walimwita Mukiri, ulionyesha kwamba maji ya msituni yanaweza kuteremka yenyewe mpaka kwa watu wa sehemu kavu za chini. Lakini mteremko huo huo ndio unaoleta presha.

Hesabu yake ni rahisi. Kila mita 10 za kwenda chini huongeza presha ya karibu bar 1. Kama tangi liko mita 80 juu ya kioski cha maji, basi mifereji ikifungwa, presha pale kioskini ni karibu bar 8. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 na kidogo tu. Na kama paipu ni ya inchi 4, kizibo cha mwisho wake husukumwa na nguvu ya zaidi ya kilo 600, yaani kama magunia 7 ya mahindi ya kilo 90. Hiyo ndiyo nguvu anayochezea mtu anayelegeza boliti ya laini yenye maji.

Kwa hiyo kabla ya kununua, soma maandishi. Paipu nyingi za plastiki za miradi ya zamani zina alama ya Klasi: Klasi B ni ya mita 60, C mita 90, D mita 120, E mita 150. Siku hizi utaona alama ya PN: PN 10 ni bar 10, PN 16 ni bar 16. Vali nzuri nayo ina namba hiyo kwenye mwili wake. Vali ya PN 10 ukiiweka mahali penye mteremko wa mita 140, umejitegea mtego mwenyewe, hata kama ilikuwa ya bei nafuu.

KILA VALI NA KAZI YAKE

Geti vali. Hii ndiyo ya kufungia laini. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachoshuka kama lango. Inatakiwa iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Kamati nyingi huiacha nusu ili "kugawa maji". Maji yanayopita kwa kasi hulitikisa na kulila lango hilo, na siku utakayotaka kufunga, halitafunga.

Globu vali. Hii ndiyo ya kupunguza au kuongeza maji kidogo kidogo. Kama mnataka kugawa maji kati ya laini mbili, tumieni hii.

Vali ya hewa. Huwekwa kwenye vilele vya laini. Hewa hukusanyika juu ya kilima ndani ya paipu, na maji hupita kidogo au hukoma kabisa. Vali hii huitoa hewa hiyo. Laini inapomwagwa, huingiza hewa ili paipu isibonyee na isinyonye maji ya matope kupitia viungo vinavyovuja. Hapo unaona kwamba vali ya hewa inalinda pia afya ya watoto wetu.

Vali ya kusafishia laini. Huwekwa mabondeni, mahali mchanga na tope hutulia. Mafundi wengi huiita woshauti.

Vali ya boya. Iko ndani ya tangi, na hufunga yenyewe maji yakijaa. Boya likitoboka, maji humwagika usiku kucha.

Vali ya kupunguza presha. Hii hulinda paipu za chini. Ni nzuri, lakini inahitaji chujio mbele yake na fundi anayeijua. Mahali ambapo hakuna fundi wa namna hiyo, tangi dogo la kukata presha lenye vali ya boya ni rahisi zaidi kulitunza.

PIGO LA MAJI

Umewahi kufunga mfereji kwa ghafla ukasikia paipu ikigonga ukutani? Hilo ni pigo la maji. Maji yaliyo katika mwendo ni kama lori lililojaa mawe: ukilisimamisha ghafla, kitu lazima kivunjike. Mtaalamu Mrusi Nikolai Zhukovsky alilipima jambo hili kwenye paipu za maji za mji wa Moscow katika miaka ya 1897 na 1898, na hesabu yake ingali inatumika.

Kwa paipu ya chuma, maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla, presha huruka kwa mita 100 na zaidi. Kwa plastiki huruka kidogo zaidi ya mita 30, pengine 50. Sasa ongeza hiyo juu ya presha iliyopo. Laini ya Klasi C ambayo tayari ina mita 70 haiwezi kustahimili.

Na neno "ghafla" hapa linadanganya. Kwa laini ya plastiki ya kilomita 2, hata ukifunga kwa sekunde 10 umefunga ghafla. Ndiyo maana vali ya mpini, ile inayofungwa kwa robo mzunguko, haifai kwenye laini kuu. Kwa geti vali, zungusha kidogo, pumzika, zungusha tena. Mizunguko ya mwisho ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu hapo ndipo maji yanasimama kwelikweli. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwenye laini ya maji huleta hasara pia.

Kujaza laini tupu nako ni polepole. Fungua vali ya juu kidogo tu, vali za hewa na mifereji ya chini ikiwa wazi. Ngoja mpaka maji yatoke bila kukohoa, kisha funga mifereji mmoja mmoja kuanzia wa chini, halafu ongeza maji.

KUIWEKA VALI

1. Suuza paipu kwanza. Kipande kidogo cha kokoto kikikaa kwenye lango, vali mpya itavuja tangu siku ya kwanza.

2. Angalia mshale kwenye mwili wa vali. Globu vali, vali ya kupunguza presha na vali ya kuzuia maji kurudi lazima mshale ufuate maji yanakokwenda.

3. Weka yunioni au flenji karibu na vali, ili siku ya kuitoa usikate paipu.

4. Utepe mweupe wa hesi uzungushwe kama mishale ya saa ukiitazama ncha ya paipu. Ukizungusha kinyume, utajikunja wakati wa kukaza.

5. Boliti za flenji zikazwe kwa kuvuka: ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia, kidogo kidogo. Ukimaliza upande mmoja kwanza, gasketi itakaa mshazari.

6. Vali ya chuma isininginie kwenye paipu ya plastiki. Ijengee kiti cha zege. Kwenye kona na mwisho wa laini jenga pia kizuizi cha zege cha kushikilia ile nguvu ya magunia 7.

7. Jenga chemba yenye nafasi ya spana na mikono, tundu la kutolea maji, na kifuniko chenye kufuli. Chemba iliyo wazi ni shimo la kuangukia watoto na mbuzi.

8. Msifukie viungo kabla ya kupima. Jaza maji, pandisha presha mpaka kama mara moja na nusu ya ile ya kazi, halafu kagua. Pima kwa maji, kamwe si kwa upepo wa kompresa, kwa sababu upepo uliobanwa ukipasua paipu hurusha vipande kama mawe ya kombeo. Mtu yeyote asisimame mbele ya mwisho uliozibwa.

USALAMA WA FUNDI

Kuna mradi mmoja tuliotembelea ambako fundi alifunga vali ya juu, akateremka karibu kilomita moja kurekebisha kiungo. Jirani mmoja, akitaka maji ya ng'ombe, akaenda akaifungulia. Hakuwa na nia mbaya, hakujua tu. Kiungo kiliruka na kumvunja fundi mkono. Huyo fundi ndiye aliyekuwa akilisha nyumba yake. Kufuli la shilingi mia chache lingetosha kumlinda.

Basi kila kazi ifuate njia hii. Funga vali polepole. Tia mnyororo na kufuli. Ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayefanya kazi, si kwa mwenyekiti. Tundika kibao: "Usifungue, fundi yuko kazini." Kisha fungua vali ya kusafishia au mfereji wa chini mpaka maji yakome. Ukianza kulegeza boliti, simama kando, legeza kwanza ile iliyo mbali nawe, na usiitoe yoyote mpaka uone kwamba hakuna presha iliyobaki.

Chemba yenye kina kirefu, au tangi lililofunikwa, lina hatari nyingine: hewa mbovu. Fungua kifuniko mapema, acha hewa iingie, na usishuke peke yako. Awepo mtu juu, na kamba. Usishushe pampu ya petroli humo ndani, maana moshi wake unaua bila kuonekana. Na mwenzako akizimia ndani, usimrukie; mvute kwa kamba na uite msaada. Watu wengi wamekufa wakifuata wenzao.

KALENDA YA UTUNZAJI

Kila wiki: mlinzi wa laini atembee, aangalie chemba, unyevu na kufuli.

Kila mwezi: fungua vali za kusafishia mpaka maji yawe meupe. Msimu wa mvua fanya mara nyingi zaidi. Angalia vali za boya na za hewa.

Kila miezi 6: zungusha kila geti vali kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ukihesabu mizunguko na kuiandika. Kama mara ya mwisho ilikuwa 14 na leo imegoma kwenye 10, kuna kitu ndani. Usitie paipu ndefu kwenye usukani kuilazimisha, utavunja shafti. Irudishe, iende, irudi, mpaka uchafu utoke. Ukiifungua yote, rudisha nusu mzunguko ili isikwame.

Vali ikivuja pale shafti inapoingilia, kaza nati za glandi kidogo na kwa usawa. Ikiendelea, badilisha kamba ya ndani ya glandi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kamati iweke akiba kila mwezi kwa vipuri hivi, na mwekahazina aionyeshe kwenye mkutano.

UFUNGUO NI WA NANI?

Hapa ndipo miradi mingi huumia kuliko kwenye chuma. Vali iliyo katika kijiji cha juu inaweza kuwa silaha. Mkigombana juu ya mpaka au kura, mtu anaifunga "kidogo tu", na kina mama wa kijiji cha chini wanarudi mtoni na mitungi. Wa chini nao, kwa hasira, wanakata paipu. Tumeona mradi wa miaka mingi ukifa hivyo, na maji yako.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka wa 2015, alifundisha vilevile kwamba maji safi ni haki ya msingi ya binadamu. Kwa hiyo ufunguo wa vali hauwezi kuwa mali ya ukoo au ya chama. Mkutano mkuu umchague mtu mmoja na msaidizi wake, mmoja atoke juu na mwingine chini. Kila wanapogusa vali, waandike kwenye daftari: tarehe, saa, vali gani, mizunguko mingapi, na kwa sababu gani. Daftari hilo liwe wazi kwa mwanachama yeyote. Ratiba ya mgao nayo ibandikwe kioskini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Mradi wetu una vali ngapi, na ziko wapi? Ni nani anayezijua zote?

2. Nani ana funguo leo? Alichaguliwa na nani?

3. Je, fundi wetu ana kufuli, mnyororo na kibao?

4. Ni lini mara ya mwisho kijiji cha chini kilikosa maji, na sababu ilikuwa chuma au ilikuwa sisi wenyewe?