Ukitaka kujua Wanguni, anza na ngombe

Wandugu, wengi wetu tulijua Wanguni kupitia Shaka: mikuki, ngao, vita, ile filimu ya mufululizo yenye tulikuwa tunaendea kwa jirani mwenye televizio. Basi mutu akisikia «Nguni» anafikiri jeshi. Mimi nilisomea kilimo na ufugo, kwa hiyo niliingia mu hii historia kwa mulango ingine, mulango ya zizi. Na naona njo mulango ya kweli. Toa ngombe mu historia ya Wanguni, utabakia na vita zenye hazieleweki na ndoa zenye hazina ushuhuda.

Kwanza jina. Nguni si kabila moja. Ni jina yenye wanazuoni wa karne ya 20 walieneza ili kuweka pamoja watu wenye luga zao zinafanana: Wazulu, Waxhosa, Waswati, Wandebele. Zamani mutu alijitaja kwa ukoo wake na kwa mufalme wake, basi. Leo isiZulu, isiXhosa, siSwati na isiNdebele ziko zote ine kati ya luga za serikali ya Afrika ya Kusini.

Mwenye kuwa na ndugu Johannesburg amesikia kwamba hizi luga ni ngumu, juu ya ile milio ya kugonga ulimi yenye wanaandika c, q na x. Lakini weka milio pembeni kwanza, usikilize mifupa. Mutu ni umuntu. Nyama ni inyama. Mvula ni imvula. Tatu ni -thathu. Ngombe ni inkomo, ni neno ile ile yenye imebadilisha sauti kidogo. Ndege wanaita inyoni, na Muluba mwenye kusema nyunyi hatahitaji mufasiri. Ni Wabantu kama sisi. Milio, waliitoa kwa Wakhoikhoi na Wasan wenye waliwakuta kule kusini, wakaishi nao, wakaoana nao.

Na kuna desturi moja yenye wataalamu wa luga wanasema ilisaidia milio kuingia: hlonipha, ni kusema heshima. Bibi akiolewa, hatamki jina ya baba mukwe, hata silabi za ile jina ndani ya maneno ingine. Kama amanzi, maji, inagusa jina ya muzee, yeye atasema amandambi. Basi mu kila nyumba wanawake walikuwa wanatafuta maneno ya kubadilisha, na luga ya jirani ilikuwa pale karibu. Mimi hiyo inanifurahisha sana: adabu ya bibi-arusi inaacha alama mu matamshi ya taifa nzima.

Tuingie mu zizi sasa. Umuzi, ni kusema boma ya Kizulu, inajengwa kwa duara: nyumba zinazunguka, katikati iko isibaya, zizi ya ngombe. Musifikiri ni pahali pa mavi tu. Pale njo wanazungumuza na wazee wenye walikufa, pale mwenye boma alikuwa anazikwa, na chini yake walikuwa wanachimba mashimo ya kuficha nafaka. Mwanakilimo ataelewa haraka: mavi na mukojo vyenye kukanyagwa kila siku vinafunga udongo juu, maji ya mvula haipiti, na adui hajui chakula iko wapi. Maziwa wanakula ikisha kuganda, amasi, na amasi haikuwa ya kila mutu: ilikuwa ya watu wa ukoo. Bibi mupya alikuwa anangojea apewe ruhusa kwanza mbele ya kukula amasi ya kwa bwana yake.

Dote wanaita lobola, na mu Bushi hatuwezi kushangaa kwamba inahesabiwa kwa ngombe. Wakati wa ukoloni, mu 1869, Theophilus Shepstone kule Natal aliweka kiasi: ngombe kumi kwa mutu wa kawaida. Ya kumi na moja, ingquthu, ni ya mama ya binti. Leo wengi wanaleta feza mu bahasha, lakini midomo bado inahesabu «ngombe».

Tena rangi! Kizulu iko na maneno mingi kabisa ya rangi za ngombe. Inkone ni ile yenye mustari mweupe mugongoni. Yenye madoa madogo-madogo wanaifananisha na mayai ya ndege fulani mudogo, huye. Ngombe nyeupe za mufalme ziliitwa inyonikayiphumuli, ndege yenye haipumuziki. Na ile ngao ya mu filimu ilikuwa ngozi ya ngombe. Ukiona rangi yake unajua regima: nyeusi kwa vijana, nyeupe kwa wakubwa wenye walisha kupewa ruhusa ya kuoa.

Vita yenyewe nitaipita mbio. Mwanzo wa karne ya 19 kulikuwa ukame na njaa, na biashara ya pembe na ngombe kwenye bandari ya Delagoa Bay ilikuwa inachochea wafalme. Wanahistoria bado wanabishana ni sababu gani ilikuwa kubwa. Shaka alikufa mu 1828, lakini watu walikuwa wamesha sambaa: Mzilikazi akaenda mupaka Zimbabwe, Soshangane Musumbiji, naye Zwangendaba akavuka Zambezi mu Novemba 1835, akapanda mupaka Ufipa, karibu na Ziwa yetu ya Tanganyika. Wajukuu wao, Wangoni wa Malawi na Zambia, wengi leo wanasema luga za wenyeji, Chichewa ao Chitumbuka. Luga ya babu ilipotea njiani. Lobola ya ngombe haikupotea.

Kwa Waxhosa njo ninataka tusimame. Mu 1853 ugonjwa wa mapafu ya ngombe ulifika mu Afrika ya Kusini pamoja na ngombe zenye zilitoka Uholanzi. Ni peripnemoni, tuliisoma wote. Ngombe zikaanza kufa, na watu walikuwa wamesha poteza udongo mu vita na Waingereza. Mu 1856 binti mumoja, Nongqawuse, akasema wazee wenye walikufa wamemutuma: muchinje ngombe zote, musilime, kisha ngombe mupya zitatoka na wafu watafufuka. Mufalme Sarhili akakubali. Ngombe karibu 400,000 zikachinjwa, watu karibu 40,000 wakakufa njaa, na gavana George Grey akachukua udongo na kupeleka wenye walibakia kazini kwa wazungu. Wengine wanasoma hii wanacheka. Mimi siwezi. Mutu mwenye benki yake, kanisa yake na ndoa zake viko mu zizi moja, na zizi inaoza mbele ya macho yake bila dawa, atafanya nini?

Na haikuishia pale. Mu miaka ya 1930 serikali ya wazungu ilihesabu ngombe za wenyeji kuwa mbegu duni, na wakaguzi wakapata ruhusa ya kuhasi madume. Hii musemo ya «mbegu duni» naijua: tuliandika vile mu kaye zetu juu ya ngombe za kwetu, halafu nikaona mu Kivu ngombe za kigeni za mradi fulani zikimalizwa na kupe mu miezi michache. Nguni yenyewe ni ndogo, lakini inavumilia kupe, inazaa bila shida, inaishi kwa majani mabaya. Profesa Bonsma na wenzake walipoipima, ripoti yao ya 1950 ikaitetea. Ilingojea tena mupaka miaka ya 1980 kwa kuandikishwa rasmi kama mbegu.

Mu 1998 Iniversite ya Fort Hare ikaanza kuirudisha vijijini: jamii inapewa madume mbili na mitamba kumi yenye mimba, kisha miaka tano inarudisha hesabu ile ile, na kijiji ingine inapokea. Fort Hare iko Alice, mu inchi ile ile ya Waxhosa kwenye walichinja ngombe 400,000.