ULEZI NA MAHINDI: NAFAKA IPI YALISHA ZAIDI?

Wakulima wengi wamepunguza ulezi wakapanda mahindi, kwa kuwa mahindi huzaa sana, na kupalilia na kuvuna ulezi ni kazi ya taabu. Hilo si kosa. Lakini yakupasa ujue ni kitu gani hupungua chunguni ulezi unapotoweka shambani.

1. VILIVYOMO KATIKA NAFAKA

Twaa gramu 100 za kila nafaka, nzima, isiyokobolewa. Mahindi yana protini, yaani chakula cha kujenga mwili, gramu 9 hivi. Ulezi una gramu 7 hivi. Mahindi yana mafuta gramu 4 au zaidi. Ulezi una gramu 1 na nusu hivi. Katika mambo hayo mahindi yatangulia.

Sasa tazama madini ya chokaa, yajengayo mifupa na meno. Mahindi yana miligramu 10 au pungufu. Ulezi una zaidi ya miligramu 300. Maziwa ya ng'ombe ya uzito huo huo yana 120 hivi. Ni kweli ya kuwa mwili hauipati chokaa yote ya ulezi, kwa sababu ganda lake lina vitu vinavyoishika. Hata hivyo hapana nafaka nyingine ya kwetu iliyo na chokaa nyingi kama hiyo. Sehemu kubwa yake imo katika ganda, basi ulezi usagwe mzima.

2. UPUNGUFU WA MAHINDI

Mwili wahitaji vitamini iitwayo niasini. Ikikosekana, mtu hupata ugonjwa wa pelagra: ngozi iliyo juani hubabuka, tumbo huharisha, na akili huvurugika. Niasini ya mahindi imefungwa, na mwili hauwezi kuitwaa ipasavyo. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walilishwa zaidi mahindi. Karanga zilipokosekana katika posho yao, watu zaidi ya 17,000 waliugua pelagra. Kwa hiyo mahindi yasiliwe peke yake.

3. UJI WA MTOTO

Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi wenye maji mengi humjaza bila ya kumlisha, naye hudhoofika baada ya kuachishwa ziwa. Dawa yake ni kimea.

Loweka ulezi safi usiku mmoja, umwage maji, uufunike kwa kitambaa kilicholowa siku mbili au tatu hata uchipue. Uanike ukauke kabisa, usugue machipukizi yatoke, kisha uusage. Ukiona ukungu, utupe wote.

Pika uji mzito, uuepue, upoe kidogo, kisha tia kijiko cha unga wa kimea na kukoroga. Uji utalainika bila ya kuongezwa maji. Urudishe motoni uchemke tena kabla ya kumpa mtoto. Tena kuchipua huko hupunguza vile vitu vinavyoshika chokaa, na mtoto huipata zaidi.

4. YAKUPASAYO KUFANYA

(a) Lima mahindi, lakini tenga kipande cha shamba kwa ulezi kila mwaka.

(b) Mahindi yaliyo safi na makavu yasage mazima, yawe dona. Ukiyakoboa, kiini chenye mafuta na vitamini hutoka pamoja na pumba. Mahindi yenye ukungu usiyale wala usiwape wanyama, kwani huweza kuwa na sumu.

(c) Nafaka yo yote uilayo, ile pamoja na maharage, kunde au karanga.

(d) Ulezi uliokaushwa vema hukaa ghalani miaka mingi, wala wadudu hawaupendi kama mahindi. Uweke akiba ya mwaka wa njaa.

Ukiwa na debe moja tu la ulezi, usilimalize kwa pombe. Kwanza liwe uji wa watoto na wa mama anyonyeshaye.