Mbegu Bila Jina, Mali Bila Daftari

Msimu uliopita nilisimama katika shamba moja kando ya Mto Tana, si mbali na mji wa Garissa. Mzee mwenye shamba alinimiminia kiganjani punje za mahindi ya aina mbili. "Haya, Mwalimu, nitenganishie," akasema. Nilizitazama, nikazigeuza, nikashindwa. Zote zilikuwa nyeupe, zote ngumu. Yeye alizitenga kwa kidole huku akitaja jina la kila aina: hii hukomaa mapema mvua inapokatika, ile haishambuliwi upesi na fukusi. Mwanawe wa kidato cha nne hakuyajua majina hayo.

Sayansi nayo inayo njia ya kuifanya kazi ya kidole hicho. Njia hiyo huitwa spektroskopia ya infraredi. Infraredi ni miale isiyoonekana kwa macho, iliyogunduliwa na William Herschel mwaka 1800. Punje ikimulikwa kwa miale hiyo, sehemu yake hunyonywa na sehemu hurudishwa. Maji, wanga, protini na mafuta hunyonya kila kimoja kwa namna yake, na mashine huchora mstari wenye vilima na mabonde. Mmarekani Karl Norris aliiendeleza mbinu hii katika upimaji wa nafaka miaka ya 1960. Uzuri wake ni kwamba punje haisagwi wala haichemshwi. Ikishapimwa yaweza kupandwa. Hapa kwetu, Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto jijini Nairobi kimekuwa kikipima udongo na mimea kwa miale ya aina hiyo.

Hata hivyo, mashine haizaliwi na elimu. Hapana budi ifundishwe kwa sampuli ambazo majina yake yanajulikana, tena za misimu kadhaa, maadamu udongo na mvua hubadilisha punje za aina ile ile. Isitoshe, mahindi huchavushwa kwa upepo, na mbegu ya jirani huingia shambani bila hodi. Mashine yaweza kusema, "Hizi ni mbili tofauti." Haiwezi kusema zinaitwaje, wala kwa nini bibi alizihifadhi.

Hapo ndipo mwanaisimu anapopata la kusema. Ukanda wa Tana una Kipokomo, Kiilwana, Kimunyoyaya na Kisomali, na kila lugha ina msamiati wake wa shamba. Huko Kilifi, jina la Kimijikenda Mdzihana limeingia katika maandishi ya watafiti wa mahindi kwa kuwa waliwasikiliza wakulima. Kweli, jina laweza kupotosha: neno letu "mahindi" laelekeza India, ilhali zao lenyewe asili yake ni Meksiko. Vivyo hivyo, majina mawili yaweza kuwa ya mbegu moja, au jina moja likabeba mbegu mbili. Hilo mashine yaweza kulihakiki, mradi majina yawepo.

Je, yatakuwepo? Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 Kaskazini Mashariki ilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Kisha mafuriko ya 2023 na 2024 yakasomba mashamba ya kando ya mto. Njaa ikibisha, mbegu huliwa. Inayopandwa baadaye hutoka dukani au katika msaada. Siipingi mbegu ya dukani; imewalisha wengi. Ninachohofia ni kubaki nayo peke yake. Mnamo Novemba 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya sheria vilivyomfanya mkulima kuwa mhalifu kwa kubadilishana au kuuza mbegu zake za kienyeji. Sasa mbegu hizo zaweza kutembea hadharani, lakini mnunuzi atajuaje anachonunua ikiwa jina limesahaulika?

Walimu na wanafunzi wa Garissa, Wajir na Mandera, kazi hii haingoji mashine. Kila mwanafunzi mwenye jamaa mkulima achukue daftari, aandike jina la mbegu, lugha yake, siku za kukomaa na sifa zake, kisha atie punje chache kavu katika bahasha. Shule ziwasiliane na Benki ya Jeni ya taifa iliyoko Muguga, ambayo tangu 1988 imekuwa ikihifadhi mbegu za nchi hii. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee yule wa Tana ndiye daftari letu kwa sasa, naye umri umekwenda.